Nilivyokadiria tungamo la gesi moto inayoizunguka galaksi yetu

Hesabu hii haidai kompyuta kubwa. Huku Kigoma naifanya kwa Python kwenye kompyuta mpakato, bila intaneti.

Gesi ya halo, yaani eneo pana linaloizunguka diski ya nyota ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina joto la takriban kelvini milioni 2. Nilichukulia kwamba msongamano wa elektroni zake hupungua kwa r^(−3β), r ikiwa umbali kutoka kitovu cha galaksi na β namba inayoonyesha msongamano unapungua kwa kasi gani. Kwenye kiloparseki 50 (kiloparseki moja ni miaka ya nuru 3,260 hivi) niliweka elektroni 0.0001 kwa sentimita ya ujazo. Thamani hiyo inakaribiana na ile inayopatikana kwa kuangalia jinsi gesi ya halo inavyokwangua gesi ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani, lile tunaloliona kusini usiku wa Januari, mvua ikituruhusu.

Kazi iko kwenye kuipata β. Eksirei za gesi hiyo peke yake siziamini: mng'ao wao hufuata mraba wa msongamano, kwa hiyo sehemu za ndani huzifunika za nje. Tena mistari ya oksijeni kwenye eksirei hizo, yaani mawimbi maalumu yanayotolewa na oksijeni, hutegemea kiasi cha oksijeni unachokadiria. Afadhali pulsa, nyota zinazotuma midundo ya redio, zilizo ndani ya Wingu hilo. Mawimbi yake ya redio hucheleweshwa na elektroni, na ucheleweshaji hufuata msongamano wenyewe, si mraba wake. Ukishaondoa mchango wa diski, halo inabaki na kiasi kisichozidi takriban parseki 23 kwa sentimita ya ujazo, yaani msongamano wa elektroni ukizidishwa kwa umbali.

Nikajumlisha msongamano kwa hatua za kiloparseki 0.1 kutoka kwenye Jua, lililo kiloparseki 8 kutoka kitovuni, hadi 50, nikilichukulia Wingu kuwa pembe mraba na kitovu. β ya 0.3 ilitoa 11, 0.5 ikatoa 23, 0.6 ikatoa 34. Hiyo ya mwisho nikaitupa kwa kuwa imezidi 23. Kwa hatua hii r ni √(d² + 64), d ikiwa umbali kutoka kwetu. Ukiweka d mahali pa r, jumla inalipuka karibu na sifuri.

Kupata tungamo, kiloparseki moja ya ujazo ni sentimita za ujazo 2.94 × 10⁶⁴, na kila elektroni hubeba tungamo la protoni 1.17. Ukiweka 1, umeisahau heliamu, na jibu linapungua kwa asilimia 15 hivi. Hadi kiloparseki 250, β ya 0.5 inatoa tungamo la Jua mara bilioni 34; ya 0.3 inatoa mara bilioni 64. Pengo hilo ni kubwa kwa sababu, hata kwa 0.5, asilimia 91 ya tungamo iko nje ya kiloparseki 50, ambako pulsa hizi hazifiki.