Jina letu la Kizungu na bibi wa Rabai

Ukiwa Kisauni hakuna anayeshangaa mtu wa Frere Town kuitwa Jones ama Wellington, lakini toka tu nje ya Mombasa, kila ofisi unaulizwa kwani baba yako mzungu? Sisi pia tuna jina la hivyo, na mie nilitaka kumfuata babu wa babu yangu mpaka nijue alilipata wapi.

Si mnajua 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, soko la watumwa Unguja likafungwa, lakini majahazi yaliendelea kubeba watu kwa siri na manowari za Kiingereza zikawa zinayakamata, sasa waliookolewa wapelekwe wapi? Ndio 1875 wamishenari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, wakaanzisha kijiji hapa bara, ng'ambo ya kisiwa, wakakiita jina la Sir Bartle Frere aliyetumwa kuusukuma ule mkataba. Babu alishushwa hapo akiwa mtoto mdogo.

Mzee mmoja wa kanisa alinionyesha daftari la ubatizo. Mwandiko wa kulala, wino umekuwa rangi ya chai. Mstari wa babu una jina la Kizungu mbele, la Kizungu nyuma, halafu neno moja, Yao, yaani kabila lake. Pa baba na mama pamepigwa kistari tu. Machozi yalinitoka, manake wazazi hao walikuwapo, kuna mama alibaki huko akimtafuta mwanawe, na hapa amekuwa kistari. Jina letu la ukoo nikalikuta pembeni, kwenye mstari huo huo: ni la shahidi wa ubatizo.

Hata huyo Matthew Wellington, aliyekuwa kwenye msafara uliobeba maiti ya Livingstone mpaka pwani na akafia hapa Mombasa 1935, alikuwa Myao, na kwao alizaliwa Chengwimbe.

Lakini aliyenishika zaidi ni bibi, mke wa babu. Nyumbani tulijua tu katoka Rabai, kule kwenye misheni nyingine ya CMS nje ya Mombasa, kumbe alikuwa mtoro, alitoroka kwa bwana wake akakimbilia misheni kama wengi wakati ule. Mabwana wakaja juu wakitaka watu wao, mpaka George Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikiendesha mambo ya pwani wakati huo, akakubali kuwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wa Rabai wakapewa vyeti vya uhuru, zaidi ya watu 1,400. Bibi alikuwa mmoja wao, ndio wakaoana, na nyanya yangu alikuwa akisema wale wazee wakitaka kuteta watoto wasisikie walikuwa wanageukia Kiyao. Kwa hivyo na bibi alikuwa wa huko huko! Walikutana wote wamepotezwa mbali na kwao na bado wakawa na lugha yao ndani ya nyumba.

Binamu zangu sasa wanataka tulibadilishe jina. Mie sitaki, watoto wote wa babu na bibi walilelewa nalo. Ninachotaka ni hicho Kiyao. Kuna shangazi yetu Rabai bado anakumbuka nyimbo mbili za kubembelezea mtoto, maneno mengine hajui maana yake, Disemba naenda nimrekodi kwa simu halafu nimtafute Myao wa kunielezea.