Nilivyomtafuta kijana wa Dundee aliyebaki jina tu

Katika kanisa ninalosali hapa Dundee, Uskoti, kuna bamba lenye majina ya vijana wa mtaa waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Limeandikwa jina, cheo na kikosi, basi. Nilimchagua mmoja, askari wa kawaida wa Black Watch, rejimenti ya Waskoti, nikataka kujua alikuwa mtoto wa nani. Simtaji kwa jina kwa kuwa jamaa zake wangalipo mjini.

Nilianzia kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo husomeka bure mtandaoni. Nikapata batalioni ya 4, tarehe 25 Septemba 1915, na ukuta wa Loos, Ufaransa, wenye majina zaidi ya 20,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Tarehe hiyo watu wa Dundee hawaisahau. Batalioni ya 4 ilikuwa ya vijana wa mji huu, na siku hiyo walishambulia wakiwa pamoja na Divisheni ya Meerut ya jeshi la India. Zaidi ya nusu yao waliuawa au kujeruhiwa. Kila mwaka, tarehe hiyo, taa ya mnara ulio juu ya kilima cha Law huwashwa kwa ajili yao.

Faili lake la jeshi sikulipata. Ghala la London lililotunza mafaili ya askari wa vita hivyo liliungua kwa mabomu ya Wajerumani Septemba 1940, na mengi yakateketea. Usikate tamaa ukifika hapo, kwani Uskoti ina hazina nyingine.

Vyeti vya huku vimeandikishwa tangu 1855 na vinapatikana katika tovuti ya ScotlandsPeople kwa ada ndogo. Cheti cha kuzaliwa cha Uskoti kinataja hata siku na mahali wazazi walipooana, kwa hiyo karatasi moja ikanifikisha kwa babu na bibi zake. Sensa ya 1911 ikaniingiza nyumbani kwao: chumba na jiko, mama mfumaji katika kiwanda cha juti, zile nyuzi za magunia zilizoletwa kutoka Bengal. Sensa hiyo iliwauliza wanawake walioolewa wamezaa wangapi na wangapi wako hai. Huyu mama alikuwa amezaa wanane, wamebaki watano. Nilikaa na ukurasa huo muda mrefu.

Kisha nikalinganisha tarehe. Tume imeandika miaka 19, umri ambao jeshi lilitaka ndipo mtu apelekwe ng'ambo. Cheti kinasema alizaliwa Desemba 1897. Alikufa akiwa na miaka 17.

Wosia wake pia upo. Idara ya Kumbukumbu za Taifa ya Uskoti inatunza maelfu ya wosia za askari, nyingi zikiwa karatasi fupi zilizotoka kwenye vitabu vyao vya mshahara. Wa kwake ni sentensi moja: kila kitu apewe mama.

Baada ya hapo nilimtafuta kaka wa babu yangu mkuu, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza Tanganyika katika vita hivyohivyo. Sikupata hata mstari. Ripoti ya Tume hiyohiyo ya 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina yao, na huenda wakafika 350,000. Kijana wa Dundee alikuwa fukara, lakini kila hatua ya maisha yake palikuwa na karani wa kumwandika. Wapagazi wetu waliandikwa kwa haraka, tena kwa kuhesabiwa vichwa, na hilo linaniuma sana. Kwa hiyo sasa nawapigia simu wazee wa kijijini kwetu mmoja mmoja, nikiandika majina ya walioondoka na kila wanachokumbuka kuhusu ukoo wao.