Jumatano Jioni na Talmudi

Kila Jumatano, baada ya sala ya jioni, watu wazima wapatao 12 tunabaki katika chumba cha nyuma cha sinagogi kusoma Talmudi, mkusanyiko wa kale wa mijadala ya wahenga wa Kiyahudi kuhusu sheria na mafundisho, na kugawanyika wawili wawili, kwa kuwa desturi ya havruta inamtaka kila msomaji awe na mwenzake wa kumhoji na kumpinga. Mwenzangu ni mwalimu mstaafu. Kila ninapodhani nimeuelewa mstari, yeye huniuliza swali moja, nami hulazimika kuusoma upya, jambo ninalomshukuru kwa dhati.

Wengine hufuata pia Daf Yomi, yaani karatasi moja ya Talmudi ya Babeli kila siku, mbele na nyuma, mpango alioutoa Rabi Meir Shapiro mjini Vienna mwaka 1923. Karatasi ni 2,711, na mzunguko wa sasa ulianza Januari 2020. Kwa maoni yangu, kasi hiyo ni kubwa mno kwa anayeanza ukubwani. Sisi tulitumia jioni nzima kwenye mwanzo wa Berakhoti, kitabu cha kwanza cha Talmudi, ambapo wahenga wanahitilafiana kuhusu mwisho wa muda wa kusoma Shema ya usiku, yaani ungamo la Kiyahudi la Mungu mmoja: mwisho wa zamu ya kwanza ya usiku, usiku wa manane, au alfajiri. Tulitoka tukiendelea kujadiliana hadi barabarani.