Boksi la pedali, nimelikunja mwenyewe

Jamani wapiga gitaa, boksi la pedali, kile kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa, si lazima uagize nje. Yale ya dukani kama Hammond 1590B ni mazuri sana, alumini ya kumiminwa, kama milimita 112 kwa 60, ila gharama ya kusafirisha inakatisha tamaa, basi nikaenda Kamukunji, kwa mafundi wa vyuma Nairobi, nikapata kipande cha shiti ya alumini ya milimita 1.5, nikakata, nikakibana kati ya vyuma viwili vya engo nikawa nagonga taratibu na nyundo ya mbao mpaka kona ikakaa.

Kutoboa ndo kazi. Piga alama na panchi kwanza, la sivyo drili inateleza inakuchorea boksi zima, anza na tundu la milimita 3 ndo upanue, swichi ya kukanyaga inataka 12. Kingo pitisha tupa, zinakata vidole kweli.

Na chonde chonde, boksi liguse ethi (waya wa ardhi wa saketi) kupitia jeki, yaani tundu la kuchomekea waya wa gitaa. Mimi nilipaka rangi mpaka ndani, jeki ikakosa kugusa alumini, hiyo pedali yangu ya fazi (ya kukwaruza sauti) ikawa inanguruma kama friji bovu, nikakwangua rangi pale kwenye nati, kimyaaa. Nilifurahi mno! Sasa hivi nakunja la pili, la pedali ya dilei, ile ya kurudia sauti kama mwangwi.