Sijambo ya Salamu na Sijambo ya Dripu

Jumanne, usiku

Baba amelala chumba cha mbele, mlango uko wazi, na mimi niko sebuleni na kipimajoto mezani kama mlinzi na rungu lake. Leo kaingiziwa dripu ya kwanza ya dawa yake ya saratani. Nimechoka, ila nisipoandika leo, kesho nitakuwa nimeshaanza kuipamba.

Alfajiri nilimkuta jikoni, glasi ya maji mkono mmoja, kidonge cha presha mkono wa pili. Wiki nzima nilikuwa namwimbia wimbo huo huo: daktari kasema cha presha usimeze ndani ya saa kumi na mbili zinazotangulia dripu, kwa sababu dawa yenyewe huweza kuishusha presha wakati inaingia, na vyote viwili vikikutana utaanguka. Kila nilipomwambia aliitikia, "Nimesikia, mama." Lakini mkono uliozoea miaka 11 haukusikia.

"Nilikuwa nakitazama tu," akasema.

Na glasi ya maji je?

Kwa wasiojua habari zake: Baba ana lukemia sugu ya limfositi, saratani ya damu inayokwenda mwendo wa kobe. Miaka mitatu hakupewa dawa yoyote. Ndugu walitusema sana, eti tumemtelekeza mzee, na kwa kweli hata mimi nilipata shida kuamini kwamba kuna saratani ambayo daktari anakwambia tuitazame kwanza, maana kuianza dawa mapema hakumwongezei mgonjwa siku. Mwaka huu tezi za shingo zilivimba hadi kola ya shati ikagoma kufunga, jasho la usiku likawa la kukamua shuka, damu ikapungua. Ndipo daktari akasema muda umefika. Vidonge vya klorambusili, na pamoja navyo dripu ya rituksimabu.

Rituksimabu ni kingamwili, yaani protini kama zile mwili unazotengeneza kupambana na vijidudu, ila hii imetengenezwa maabara. Ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 1997, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, saratani ya Baba ikitajwa humo. Kazi yake ni kuzitafuta seli zenye alama inayoitwa CD20, kuzing'ang'ania na kuziitia maangamizi. Seli za saratani ya Baba zina alama hiyo. Shida ni kwamba hata seli B zenye afya, zile zinazokuja kututengenezea kingamwili zetu wenyewe, zinayo pia.

Hapo ndipo jina lilipotuponza. Shangazi aliposikia "kingamwili" alitangaza kwenye kundi la familia kwamba kaka yake anapewa dawa ya kuongeza kinga. Pongezi zikamiminika, mtu akashauri aongezewe na mlonge. Nikalazimika kuandika maelezo marefu kwamba dawa hii inaitwa kingamwili lakini kinga inaipunguza, tena kwa miezi mingi, kwa hiyo wenye mafua wasije kumsalimia. Nikaonekana nina kiburi. Sawa.

Vidonge vilivyotangulia dripu navyo vilikuja na majina ya magonjwa ya watu wengine. Cha kwanza, alopurinoli, alikitambua papo hapo: "Hii si dawa ya gauti ya baba yako mdogo?" Ndiyo, ni hiyo. Seli zikifa nyingi kwa mpigo, takataka zake humwagika kwenye damu na kuzielemea figo, kwa hiyo alianza kuimeza siku mbili kabla, na maji mengi juu yake. Hilo alilikubali.

Cha pili ndicho kilicholeta kilio.

Kabla ya rituksimabu lazima upimwe homa ya ini B. Dawa hii imewahi kukiamsha kirusi kilicholala miaka mingi, na ini likaharibika kwa kasi ya kutisha, wengine wakafa. Hospitali ya kwanza tuliyokwenda walimpima kipimo kile cha haraka, kikatoka hasi, faili likagongwa muhuri. Tulipohamia hospitali hii ya Dar, daktari mmoja kijana akafungua faili, akafunua karatasi, akarudi nyuma, akauliza: "Kipimo cha pili kiko wapi?" Sikujua kama kuna cha pili. Cha kwanza kinatafuta kirusi chenyewe kilichopo sasa kwenye damu. Cha pili kinatafuta alama ambazo mwili uliziacha kama uliwahi kupigana nacho zamani. Tukalipia, tukasubiri, kikatoka chanya. Baba aliwahi kuugua homa ya ini bila kujua, pengine utotoni huko Pangani, na kirusi bado kimejikunyata mle ndani. Ini lake lilikuwa linasema sijambo na si kweli.

Nikifikiria kwamba tungeweza kuanza dripu na lile faili lenye muhuri, tumbo linanikata.

Basi hapo ndipo akaandikiwa hicho kidonge cha pili, tenofovia, cha kukizuia kirusi kisiamke, kimoja kila siku, kianze kabla ya dripu na kiendelee angalau mwaka mmoja baada ya dripu ya mwisho, kwa sababu kirusi hicho kinaweza kuamka hata matibabu yakiwa yamekwisha zamani. Tenofovia hiyo hiyo ndiyo wanayopewa pia wenye virusi vya UKIMWI. Baba alikitazama kile kichupa cheupe, akaniuliza kwa sauti ya chini, tukiwa wawili tu: "Watu wa basi wakikiona watasema nini?" Nikampa maelezo yote, akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Siku mbili baadaye nimekuta vidonge vyote kavihamishia kwenye kikopo cha karafuu, kichupa kakitupa. Kwa mara ya kwanza tangu augue, nilimpandishia sauti baba yangu. Akianguka kule kwake Tanga, daktari wa huko atafungua kikopo na kukuta karafuu sita na vidonge visivyo na jina! Nimebandika plasta juu ya kikopo, nimeandika kwa kalamu ya wino: TENOFOVIA, YA HOMA YA INI, USIACHISHE BILA KUMPIGIA DAKTARI, na namba ya simu. Maneno "ya homa ya ini" ndiyo yaliyompoza.

Turudi kwenye dripu ya leo. Walimpa kwanza panadoli, dawa ya mzio, na sindano ya steroidi. Kwa kawaida dripu huanza kwa miligramu 50 kwa saa, halafu kasi inaongezwa kila nusu saa. Baba seli zake nyeupe ziko juu mno, kwa hiyo walimwanzisha na nusu ya hiyo, na dozi yenyewe wakaigawa: kidogo leo, iliyobaki kesho. Seli zikiwa nyingi, fujo la kuziua nalo ni kubwa.

Sista alikuwa akipita kila baada ya dakika kumi na tano na mashine ya presha. Binti mdogo, mpole, ana haraka kwa sababu vitanda ni tisa na wao ni wawili.

"Shikamoo mzee. Unajisikiaje?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo kabisa."

Presha sawa, joto sawa, anakwenda kitanda cha pili. Akapita tena. "Sijambo." Akapita tena. Kwenye dakika ya arobaini hivi nikaona Baba anameza mate. Anameza, anatulia, anameza tena. Mkono umekwenda nyuma ya sikio unakuna. Shuka lilikuwa linatikisika kidogo mabegani. Sista akafika, akauliza. Akajibiwa nini? Sijambo.

"Baba, koo limekuwaje?"

"Si kitu. Kama nimemeza unyoya wa kuku."

Nikaita. Sista aligeuka kwa hatua tatu na kuufunga mrija kabla hata sijamaliza sentensi. Daktari akaja, sindano mbili, oksijeni imewekwa pembeni. Baba akatetemeka kama mtu aliyetolewa kisimani, dakika ishirini nzima, nikimshika miguu. Kisha ikapita. Wakasubiri kila kitu kitulie, wakaianza tena dripu kwa nusu ya kasi ya mwanzo. Daktari anasema ndivyo inavyokuwa mara nyingi dripu ya kwanza, ndani ya saa mbili za mwanzo, na kwamba hali ikiwahiwa hivi hutulizwa kwa kufunga mrija, sindano na kungoja. Isipowahiwa ni hadithi nyingine.

Sista aliporudi alivuta kiti. Akasema: "Mzee wangu, mimi nimekuuliza kama nesi. Wewe umenijibu kama nimekuja kukutembelea nyumbani."

Baba aliona haya kweli. Mimi nilitaka kumtetea. Huyu ni mtu aliyefundishwa kwamba ukiulizwa hali unajibu njema kwanza, hata kama jana umezika. Kwetu ugonjwa huja baada ya "ila". Sijambo, ila usiku sikulala. Salama, ila mguu huu. Mwenye kuuliza anajua, anangoja ile "ila". Lakini nesi mwenye vitanda tisa hana muda wa kuingoja, na dawa haingoji.

Jumatano

Sehemu iliyobaki imeingia kwa muda wa saa tano na nusu, bila tatizo. Baba kalala nusu ya muda. Sina zaidi.

Jumapili

Amesharudi Tanga. Nimemfungia kipimajoto, na karatasi nimeibandika mlangoni kwake. Ikifika 38, hospitali siku ile ile, usiku au mchana. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu huku homa ni malaria mpaka ithibitike vingine: unameza panadoli, unajifunika, kesho ndiyo uone. Nimemwambia mdogo wangu apimwe malaria, sawa, ila kipimo kikiwa hasi wasirudi nyumbani, na hata kikiwa chanya waseme kwanza kwamba mzee yuko kwenye rituksimabu. Chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano na surua, asichome. Na nimemwomba mke wa mdogo wangu anitazamie kitu kimoja bila kumtisha Baba: akianza kuchanganyikiwa, ulimi kuwa mzito, kuona vibaya, kuyumba, au upande mmoja kulegea, asiseme ni uzee. Kuna ugonjwa wa ubongo wa nadra sana unaoweza kufuata dawa hizi, na dalili zake za mwanzo ni hizo. Tatizo ni kwamba Baba amewaita wajukuu kwa majina yasiyo yao tangu wazaliwe. "Basi nihesabu yakizidi?" akaniuliza wifi. Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia ahesabu.

Simu zetu za jioni zimebadilika. Siulizi hujambo. Nauliza, "Joto la saa moja lilikuwa ngapi?" Baba analalamika kwamba nimekosa adabu tangu nihamie Dar. "Thelathini na sita nukta saba. Na shikamoo yangu iko wapi?"

Wiki nne baadaye

Dripu ya mzunguko wa pili, dozi kubwa zaidi kuliko ya kwanza. Tezi za shingo zimeshuka, kola inafunga. Kidonge cha presha hakukigusa: alikuwa amekiweka ndani ya kiatu changu ili nimrudishie jioni.

Sista ni yule yule. Alipofika na mashine yake, Baba akaitikia marahaba, akamtazama.

"Unajisikiaje, mzee?"

"Unataka sijambo ya salamu au ya dripu?"

"Ya dripu."

"Basi koo linawasha. Kidogo. Hapa."

Mrija ukafungwa. Daktari akaitwa, akammulika koo kwa tochi, akasikiliza kifua, akapima hiki na kile, presha iko sawa, ngozi safi, hakuna kutetemeka. Dakika kumi zimepita sote tumemkodolea macho. Kisha daktari akanyoosha kidole kwenye mfuko wa karatasi uliokuwa mapajani mwa Baba.

"Mzee, hiyo ni nini?"

Ilikuwa kashata ya nazi. Nusu ilikuwa imeshaliwa. Sista akakaa chini akicheka, Baba akamkatia kipande, na dripu ikafunguliwa tena.