Jinsi tulivyopata chuo cha uhasibu tunachokimudu hapa Dodoma

Mdogo wangu alitaka kusoma stashahada ya uhasibu katika chuo kimoja cha binafsi Dar es Salaam. Ada ikatushinda, alizeti ya wazazi kule Kongwa haikutoa kitu mwaka huo.

Nikapakua mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, wenye sifa za kujiunga na ada za kozi. Tukaanza na vyuo vya umma vya hapa hapa: CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara) mjini, Chuo cha Mipango kule Miyuji, Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo.

Kilichoamua ni fomu za kujiunga. Ada ni mstari mmoja tu. Chini yake kuna mitihani, kitambulisho, mafunzo kwa vitendo, hosteli, bima ya afya. Tulijumlisha yote kwenye daftari, pamoja na nauli na chakula. Kwa kuwa naishi Nkuhungu, hapa hapa Dodoma, na atakaa kwangu, hosteli tukaikata, na nafuu ikaonekana palepale.

Tukachagua CBE, tunalipa kwa awamu. Alinuna kidogo, na namwelewa kabisa. Ila stashahada yake inatambuliwa sawa na ile ya Dar, na akifaulu vizuri ataomba shahada.