Taa ya Njano, Tucumcari

Alhamisi usiku. Niko Tucumcari, jimbo la New Mexico, Marekani, kwenye uwanja wa karakana iliyofungwa, na lori langu lenye karoti za Bakersfield, California, ambazo zilitakiwa ziwe zinakaribia Dallas saa hizi.

Taa ya onyo iliwaka nilipopita Santa Rosa. Mafuta yapo, DEF (maji ya kusafisha moshi) imejaa, injini inavuta vizuri. Kilichokufa ni sensa moja, kifaa cha kupima moshi kwenye bomba lake, kitu cha kuenea kiganjani. Kompyuta ya lori ikaanza kunihesabia saa: nisipotengeneza, itanishusha hadi maili 5 kwa saa. Maili 5 kwenye barabara kuu ya I-40, kati ya malori yanayopita kwa 75!

Nikampigia Baba, kule Mariakani kumeshakucha. Yeye alianza utingo kabla sijazaliwa, akaendesha Mombasa hadi Malaba miaka mingi. Nikamweleza kuwa DEF ni maji na urea, humwagiwa moshi ili sumu yake ipungue. "Urea ile ya mkojo?" Ndiyo, Baba, ingawa hii hutoka kiwandani. Akacheka mpaka akakohoa. "Yaani gari zima, breki nzima, injini nzima, limegoma kwa ajili ya mkojo."

Lori langu la kwanza lilikuwa la 1999, injini ya Detroit Series 60. Halikuwa na chujio la masizi wala DEF, na kwa umri wake halikulazimishwa hata kufunga kile kifaa cha kurekodi saa za dereva. Nililipenda kupita kiasi. Lakini California ilisema kuanzia Januari 1, 2023 malori makubwa yawe na injini za 2010 au mpya zaidi, na karoti ziko California. Nikauza kwa bei ya kutupa, maana kila mwenye la aina yake alikuwa anauza wiki hizo hizo. Nikanunua hili la 2014, likiwa na maili 410,000.

Hapo ndipo kisu kinapogusa mfupa. Kampuni kubwa hununua lori jipya, hulitumia miaka minne, mitano, kisha huliuza mitambo ya moshi inapoanza kuchoka. Dhamana ya kisheria kwa mitambo hiyo, kwa injini kama yangu, ni miaka 5 au maili 100,000. Iliisha mikononi mwa mwenye lori wa kwanza. Mimi nilirithi masizi. Sheria ya injini za 2027, ilivyopitishwa Desemba 2022, ilirefusha dhamana hadi maili 450,000 au miaka 10. Wanunuzi wa malori mapya wanalalamika kwamba itapandisha bei, na Machi 2025 EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, ilitangaza kuipitia upya. Nikapiga hesabu: ingekuwepo nilipolinunua langu, ningebaki na maili 40,000 za usalama. Miezi minne ya kazi. Si haba.

Dalali wa mzigo hajui haya yote, na hana sababu ya kujua. Bei ya Bakersfield–Dallas ni ile ile, lori liwe la mwaka huu au la 2014. Wenye mikataba hulipwa nyongeza dizeli ikipanda. Sijasikia nyongeza ya sensa. Bandari za Los Angeles na Long Beach zilifanya vingine: tangu Aprili 2022 hutoza dola 10 kwa kontena la futi 20 kwa ajili ya malori safi, na anayelipa ni mwenye mzigo. Huku barabarani tunalipa sisi, kwanza kwa fundi, halafu kwa siku zilizopotea.

Leo jioni kijana mmoja wa karakana alininong'oneza kwamba mitambo yote ya moshi inaweza kung'olewa na kompyuta ikadanganywa. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inakataza. Nakiri nilikaa kimya kidogo kabla ya kukataa. Nilikumbuka mashati ya Baba: Mama akiyafua, maji ya beseni yanageuka wino.

Agosti 2025 EPA iliwahimiza watengenezaji walegeze programu za kupunguza mwendo, dereva apate muda wa kufika kwa fundi. Nimeuliza hapa kama langu limepata programu hiyo. Bado.

Sensa mpya inatoka Albuquerque kesho saa nne asubuhi, wamesema. Friji ya trela ina injini yake ndogo ya dizeli, nayo inanguruma nyuma ya kichwa changu usiku kucha, karoti zisiharibike.